Gari Lisilofunguka ni Mali ya Nani?

Mafundi wetu wa vyombo vya baharini wana desturi moja ya tangu jadi, ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote ila imo mikononi mwao. Jahazi likishazeeka, likawa halifai tena kutiwa majini, huvunjwa kwa utaratibu. Misumari hung'olewa mmoja mmoja ikanyooshwa, mbao nzima hutengwa na zilizoliwa na wadudu, mlingoti hupimwa kama utafaa chombo kingine, na zile mbao zisizoiweza tena bahari huishia kuwa meza, kitanda au mlango. Atazamaye kwa mbali hudhani chombo kimekufa. Ajuaye kazi hujua kwamba chombo kimegawa mirathi.

Nimeikumbuka desturi hiyo kwa sababu ya jambo linaloendelea Uingereza, jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halituhusu sisi watu wa Pwani hata kidogo. Huko kuna maelfu ya watu, makarani, walimu, mafundi bomba na wastaafu, ambao hujiundia magari kwa mikono yao wenyewe katika vibanda vya nyuma ya nyumba. Hununua fremu na bodi kutoka kwa kiwanda kidogo, kisha hutafuta gari kuukuu la bei rahisi, wakalivunja, na injini yake, giaboksi yake, breki zake na stelingi yake wakazitia katika lile jipya. Gari hilo kuukuu hulipa jina ambalo kwa lugha yetu tungesema "mfadhili". Jina lenyewe limesadifu, maana sisi tunajua fadhila ya punda ni mateke, na fadhila ya gari hili ni kuvuliwa nguo hata likabaki mifupa.

Habari iliyonifanya nishike kalamu ni kwamba wafadhili hao wanakwisha. Huenda msomaji akauliza, mambo haya ya nati na spana yanaingiaje katika ukurasa wa utamaduni? Namwomba anivumilie. Nia yangu ni kuonyesha kwamba sababu zinazowamaliza wafadhili wa Uingereza zimo safarini kuja Kilindini, na kwamba suala lenyewe ni la milki: mtu akinunua kitu kwa fedha zake, amenunua nini hasa?

Tuanze na asili yake. Mwaka 1948 kijana mmoja wa London aitwaye Colin Chapman alichukua gari kuukuu la Austin Seven, akalivunja na kulijenga upya kwa namna aliyoitaka yeye. Hilo ndilo lililokuwa gari la kwanza la jina la Lotus. Mwaka 1957 akatoa gari dogo jepesi, Lotus Seven, ambalo mnunuzi aliweza kulipata likiwa vipande vipande ndani ya masanduku. Haikuwa mchezo tu. Serikali ya Uingereza wakati huo ilitoza kodi ya ununuzi juu ya gari zima, lakini gari lililouzwa vipande kwa mtu atakayeliunga mwenyewe lilisamehewa. Yasimuliwa kwamba sheria ilikataza kampuni kumpa mnunuzi maelezo ya namna ya kuliunga, basi akapewa maelezo ya namna ya kulifungua, ayasome kutoka mwisho kurudi mwanzo! Sijui kisa bora kuliko hicho cha kumfundisha mtu kwamba anayejua kufungua ndiye ajuaye kufunga.

Msamaha huo uliondoka mwaka 1973, kodi ya ongezeko la thamani ilipoingia mahali pa ile ya zamani. Mwaka huohuo Lotus iliacha kulitengeneza gari lake, na haki zake zikachukuliwa na kampuni ya Caterham, ambayo imeendelea nalo. Wengi walitaraji kwamba desturi nayo itakufa pamoja na msamaha. Haikufa, na hapo ndipo ilipodhihirika kwamba watu hawakuwa wakikimbia kodi peke yake.

Mwaka 1996 Mwingereza mmoja, Ron Champion, alitoa kitabu kilichomweleza mtu wa kawaida namna ya kujiundia gari dogo la mbio kwa pauni 250. Fremu aliichomelea mwenyewe kwa vyuma vya mraba vya inchi 1, na kila kinachozunguka, kinachovuta na kinachosimamisha kilitoka katika Ford Escort moja kuukuu. Aliichagua Escort ya kale, ile iliyouzwa kati ya mwaka 1968 na 1980, kwa sababu injini yake imekaa mbele na magurudumu yanayosukuma yako nyuma, kama gari hizo ndogo zinavyotaka.

Escort ile si mgeni kwetu. Wazee wenzangu watakumbuka kwamba mwaka 1972 ndiyo iliyompa Hannu Mikkola wa Finland ushindi wa Safari Rally, naye akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kuyashinda mashindano hayo, na mwaka 1977 Björn Waldegård wa Sweden akashinda tena kwa Escort. Gari iliyopigwa na mawe na matope ya nchi yetu ikasimama, ndiyo hiyohiyo iliyokuja kuvunjwa katika vibanda vya Uingereza ili mifupa yake izae gari jingine. Aliyeichagua hakukosea.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, maana wengi hudhani kuvunja ni kupiga nyundo. Mvunjaji mwenye adabu huanza kwa kuliendesha gari likiwa bado zima, akasikiliza giaboksi inavyoingia na breki zinavyoshika, kwani akishalifungua hana tena njia ya kujua lililo bovu. Halafu huondoa betri, akamwaga mafuta ya petroli, mafuta ya injini, ya breki na maji ya rejeta, kila kimoja katika chombo chake. Bolti zilizoshikwa na kutu huzinywesha mafuta mepesi tangu siku iliyotangulia. Kila fungu la nati hulitia katika mfuko wake na kuuandika jina. Waya za umeme hazikati, huzifungia vitambulisho kwanza: huu wa taa ya kushoto, huu wa pampu, huu wa saa ya mafuta. Waya zisizoandikwa, baada ya miezi mitatu, huwa kama nywele za jini, hakuna ajuaye zinakotoka wala ziendako.

Kisha hutoa kwa mpango: viti na dashibodi, injini pamoja na giaboksi, propela, difu, ekseli, stelingi, pedali, breki ya mkono. Visivyohitajika, kama milango, vioo, taa na viti vya nyuma, huuzwa kwa wenye magari ya aina ileile, na mara nyingi bei ya vitu hivyo hurudisha fedha zote zilizolinunua gari. Mfadhili huyo basi hujilipia mwenyewe mazishi yake.

Sheria ya Uingereza nayo imeweka mlango wa kupitia. Tangu mwaka 1998 gari la namna hii hukaguliwa na serikali moja moja kabla ya kuruhusiwa barabarani, na mwaka 2009 ukaguzi huo ukafanywa mkali zaidi. Mkaguzi hutazama breki, taa, mikanda, moshi na kelele. Hupima hata ncha za vyuma vya nje, zisiwe kali za kumkata mtu apitaye, na kipimo chake ni mviringo usiopungua milimita 2.5. Linalofaulu hupewa namba. Fremu ikiwa mpya ya kiwanda, na angalau sehemu mbili kubwa zikawa zimetoka katika gari moja linalojulikana, basi gari jipya huhesabiwa umri wa mfadhili wake. Sehemu zikiwa zimeokotwa huku na huku, asili haijulikani, hupewa namba inayoanza na herufi Q, ambayo humwambia kila mnunuzi: chombo hiki hakina nasaba iliyo wazi.

Nimependezwa na busara iliyomo katika mpango huo. Serikali haikumwambia mwananchi kwamba hawezi kuunda gari kwa sababu hana kiwanda, wala haikumwachia apite na chochote alichokichomelea. Ilimwambia: unda, kisha lete tutazame, na utuonyeshe vitu vyako vimetoka wapi.

Kama ni hivyo, wafadhili wanakwisha kwa nini? Mimi naona sababu ni tatu, na ya tatu ndiyo nzito.

Ya kwanza ni umri. Escort zile kuukuu zimeliwa na kutu, na chache zilizosalia zimekuwa vitu vya thamani. Zilizokuwa zikitolewa bure ziondoke uani sasa huuzwa kwa bei ya gari jipya na zaidi, hata hakuna mwenye akili zake atakayeichukua moja aivunje. Walipokwisha Escort watu wakahamia Ford Sierra, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1982 na 1993. Hiyo nayo imekwisha. Sasa tegemeo lao kubwa ni Mazda MX-5, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1989 na kufikisha magari milioni 1 mwaka 2016. Gari hilo lina sifa moja ya ajabu: giaboksi na difu yake zimeungwa kwa boriti moja ndefu, na hivyo bodi ikishainuliwa, injini, giaboksi, difu na magurudumu hubaki chini pamoja, kama mwiba wa samaki mwenye kuliwa vizuri. Mengi ya hayo yaliyoko Uingereza yalitoka Japani yakiwa yametumika, kwa sababu nchi zote mbili huendesha upande wa kushoto. Ni sababu hiyohiyo inayoyaleta magari ya Japani Mombasa.

Ya pili ni mkono wa serikali. Mwaka 2009, uchumi wa dunia ulipoyumba, Marekani ilitoa fedha kwa watu wapeleke magari yao makuukuu na kununua mapya. Magari karibu 680,000 yalipelekwa, na sharti lake lilikuwa injini iuawe. Mafuta yalimwagwa, ikatiwa maji ya sodiamu siliketi, ikawashwa na kuachwa ingurume hadi maji yale yageuke kama kioo ndani yake na kuiganda. Injini nzima, iliyoingia hapo kwa miguu yake, ikafishwa ili isije ikatumika kwengineko. Uingereza nayo mwaka huohuo ilitoa pauni 2,000 kwa kila gari lililozidi miaka 10, nusu ikilipwa na serikali na nusu na mtengenezaji, na magari karibu 400,000 yakaenda kusagwa. Waliotetea jambo hilo walisema magari hayo yalikuwa na moshi mbaya, na kwa upande huo hawakusema uongo. Lakini katika rundo lile mlikuwamo breki nzima, giaboksi nzima na vioo vizima, na mafundi waliokuwa wakiyategemea hawakuulizwa.

Ya tatu ni kufuli isiyoonekana. Tangu Oktoba 1998 magari mapya ya abiria katika nchi za Umoja wa Ulaya, Uingereza ikiwa mmoja wao wakati huo, yalilazimishwa kuwa na kifaa cha kuizuia injini isiwake mpaka kompyuta yake iutambue ufunguo. Ilikuwa hatua njema, na wizi wa magari Uingereza ulipungua sana katika miaka iliyofuata. Mvunjaji alijifunza: akichukua injini, achukue na kompyuta yake, na kasha la kuzuia, na ufunguo wenyewe. Familia isitenganishwe.

Mambo hayakuishia hapo. Leo gari lina kompyuta nyingi zinazosemezana saa zote, ya injini na ya giaboksi, ya breki na ya stelingi, hata ya taa na ya milango, na katika baadhi ya magari kila moja hutaka kuijua nyingine kabla haijafanya kazi. Ukitoa kifaa katika gari hili ukakitia katika gari jingine la aina ileile, rangi ileile, mwaka uleule, kinaweza kukataa mpaka mtengenezaji akiruhusu kutoka katika mtambo wake ulioko ng'ambo. Kifaa hakikuharibika wala fundi hakukosea. Kimekosa idhini tu. Tena tangu Julai 2024, chini ya Kanuni nambari 155 ya Umoja wa Mataifa, magari mapya yanayouzwa katika Umoja wa Ulaya lazima yawe yamelindwa dhidi ya watu wanaotaka kuziingilia kompyuta zake. Nia ya kanuni hiyo ni kumzuia mwizi na mharibifu. Lakini mlango unaofungwa asipite mwizi, kama hukuweka wa pili kwa mwenye nyumba, huwa umewafungia wote wawili.

Hapo ndipo ninapoliona suala la milki. Sisi tuliopita vyuoni tulifundishwa mapema kwamba biashara halali ni ile ambayo kiuzwacho kinajulikana, na muuzaji akishapokea bei hubandua mkono wake, mnunuzi akawa huru kukitumia, kukiuza, kukitoa zawadi au kukigawa. Sikudai kwamba mimi ni mwanachuoni wa kutoa hukumu, na wenye elimu hiyo wapo. Nauliza swali la mtu wa sokoni. Aliyeniuzia gari, kisha akabaki na neno la siri ambalo bila hilo giaboksi yangu haiwezi kumfaa mwanangu, ameniuzia au amenikodisha? Na kama amenikodisha, mbona bei aliyoipokea ni ya kuuza?

Sasa tugeukie kwetu. Mombasa inayajua magari ya vipande tangu zamani. Pale Miritini kuna kiwanda ambacho tangu miaka ya 1970 huunganisha magari yaliyoletwa masandukuni. Kiwanda hicho hupokea vitu vipya vilivyopangwa na kuhesabiwa. Lakini kuna kazi nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo, nayo hufanywa juani na watu wasiohesabiwa: kuyaweka hai magari yaliyokwisha kutumika. Matatu inayotupeleka kazini, pikapu inayoleta samaki na probox inayobeba miraa na mkaa, nyingi zinatembea leo kwa sababu gari jingine lilivunjwa. Mtu akiharibikiwa na injini haagizi mpya; hutafuta "ya Japani" iliyotolewa katika gari lililokwisha kazi huko, ikaletwa kwa meli. Kioo, rejeta, difu, mlango, vyote vina soko lake la mitumba, na soko hilo ndilo linalomfanya mtu wa mshahara mdogo aweze kumiliki gari.

Sheria yetu hairuhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limezidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe upande wa kulia. Hesabu hiyo ina maana moja ambayo sijaisikia ikijadiliwa barazani. Kufuli zilizotiwa magarini Japani na Ulaya miaka michache iliyopita zinashuka Kilindini sasa, na zile zinazotiwa mwaka huu zitashuka kabla watoto wetu walioko darasa la kwanza hawajamaliza skuli. Linalomsumbua Mwingereza katika kibanda chake cha Jumamosi, ambaye kwake gari ni starehe, litamkuta fundi wetu ambaye kwake gari ni chakula cha watoto. Mwingereza akikosa mfadhili atatafuta mchezo mwingine. Fundi wetu akiwa na giaboksi nzima mkononi, na gari linalosubiri giaboksi hiyohiyo, kisha gari likakataa, atamwambia nini mwenye gari?

Wako watakaosema kwamba tunalia kabla ya kupigwa, na kwamba mafundi wetu ni hodari, watapata njia. Hodari ni kweli. Nimewaona vijana wakisoma makosa ya injini kwa kijidude kilichounganishwa na simu, na hawakufundishwa hayo skuli. Hata huko Ulaya wapo wanaovunja gari la umeme la Nissan Leaf, wakaitoa mota na betri zake na kuzitia katika magari ya kale, kwa kuwa watu wa kujitolea walikaa wakaisikiliza lugha ya kompyuta zake mpaka wakaielewa, kisha wakaitangaza bure. Kwa hiyo tumaini lipo. Lakini riziki ya watu wengi haifai kuachwa itegemee werevu wa kuvunja kufuli, kwa sababu anayeishi kwa kuvunja kufuli siku moja huitwa mwizi hata kama kufuli ni yake.

Wengine wamekwisha kuamka. Katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, mwaka 2012 wananchi walipiga kura kwamba mtengenezaji wa magari lazima ampe fundi wa nje habari zilezile za kutengenezea anazowapa mawakala wake. Mwaka 2020 wakapiga kura tena, ili haki hiyo izifikie hata habari zinazorushwa na gari hewani kwenda kwa mtengenezaji. Watengenezaji wakaenda mahakamani kuipinga, jambo ambalo lenyewe latufahamisha thamani ya kinachogombewa. Julai 2023 Tume ya Umoja wa Ulaya nayo ilitoa pendekezo la sheria mpya juu ya magari yaliyokwisha, na moja katika makusudi yake ni kwamba magari yaundwe kwa namna ambayo sehemu zake zitaweza kutolewa na kutumika tena.

Sisi ni wanunuzi wa mitumba, na mnunuzi wa mitumba hudhani hana kauli. Mimi sikubaliani na fikira hiyo. Nchi iliyoweza kusema "halitaingia gari lililozidi miaka 8" ina uwezo wa kuuliza neno la pili: je, gari hili likifika linaweza kutengenezwa na fundi wa hapa, na sehemu zake zikahamishwa? Swali hilo likiulizwa na Kenya peke yake litasikika kidogo. Likiulizwa pamoja na Tanzania na Uganda, ambazo nazo huendesha upande wa kushoto na kununua Japani, litakuwa na uzito.

Lakini na sisi tuna la kusafisha nyumbani kwetu kabla ya kulalama kwa jirani. Watengenezaji wana hoja moja ambayo hatuwezi kuikana mchana kweupe: soko la spea kuukuu ni kichaka anachojifichia mwizi. Ni nani katika sisi hajapata kusikia ya mtu aliyeibiwa vioo vya gari usiku, na asubuhi akaenda kuvinunua palepale vilipopelekwa? Maadamu tunanunua kioo bila kuuliza kimetoka wapi, tunampa mwenye kufuli sababu ya kuongeza kufuli. Hapa ndipo desturi ya Waingereza inapotufaa. Yule mtu wa kibandani huweka stakabadhi ya kila kitu, na karatasi za mfadhili wake haziachi, kwa kuwa ajua mkaguzi atamuuliza. Vyama vyetu vya mafundi vinaweza kuanza jambo hilo bila kungoja serikali: gari likivunjwa, liandikwe katika daftari namba ya chesisi na namba ya injini, jina la mwenye kuliuza, na kila sehemu kubwa iliyotoka iondoke na karatasi yake. Sehemu yenye nasaba itaaminika, na muuzaji mwaminifu hatachanganywa na mnyang'anyi.

Na vijana wetu wenye kipaji cha kuunda, ambao mara kwa mara magazeti hutuonyesha picha zao wamesimama kando ya gari walilolichomelea kwa vyuma chakavu, nao wafikiriwe. Huwa tunawapigia makofi siku moja, mheshimiwa akapiga picha nao, kisha kazi yao ikaishia uani ikiota majani. Mtu hakosi kipaji kwa kukosa kiwanda. Anachohitaji ni mlango kama ule wa mkaguzi wa Uingereza, ulio wazi, wenye masharti yaliyoandikwa na ada anayoiweza, ambapo ataambiwa breki hizi hazitoshi, rudi ukazirekebishe, na akirudi zimetosha apewe namba.

Mimi ni mtu wa mashairi, na jambo likinikaa moyoni hujipanga lenyewe katika mizani. Basi nimeliweka hivi:

Bei ukishaitowa, funguo nazo upewe,
Kila nati kufunguwa, mwenyewe usizuiwe,
Ukitaka kuchukuwa, kitu kwengine kitiwe,
Huko siko kununuwa, ni kukodi utambuwe.

Mshororo wa nne una "huko" iliyojaa hasira kidogo, nami nimeiacha. Nakusudia ule ununuzi unaomnyima mtu haki tatu zilizotangulia. Siku mtakapokwenda kutazama gari katika yadi za Mombasa, msitazame rangi, tairi na saa ya maili peke yake. Muulizeni muuzaji kama giaboksi yake ikifa itakubali nyingine, na kompyuta yake ikiungua ni nani hapa mjini anayeweza kuifundisha mpya, na funguo zote mbili ziko wapi. Asipojua jawabu, ongezeni swali hilo katika bei.